Kanisa la All Hallows lilikwenda wapi? Shajara ya mradi

11 Januari

Mradi umepata mipaka. Tunafuatilia kanisa moja tu: All Hallows ya Lombard Street, katikati ya Jiji la London, kanisa la parokia lililoungua katika moto mkuu wa 1666, likajengwa upya na msanifu Christopher Wren kati ya 1686 na 1694, kisha likabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Tunataka kujua vitu vilivyokuwa ndani yake, na watu waliolala chini yake, viliishia wapi na waliishia wapi.

Nimefungua jedwali lenye safu nne: kitu, kilikokuwa, kilipo, na nani kakiona. Hiyo safu ya nne ndiyo yenye kazi. Habari za makanisa yaliyovunjwa husimuliwa kwa uhakika mkubwa na watu waliosikia kwa mtu aliyesikia kwa mwingine. Kwa hiyo kitu hakitahesabika kuwa kimepatikana mpaka kionekane kwa macho au kiwe kwenye karatasi ya wakati ule.

Wenzangu wameuliza kwa nini tusichague mojawapo ya yale yaliyopigwa mabomu na Wajerumani, maana yana picha nyingi. Ndiyo hasa sababu. Kanisa lililopigwa bomu lina wa kulaumiwa, na habari yake inaishia usiku mmoja. Hili lilikaliwa vikao, likapigiwa hesabu, likavunjwa mchana kweupe na mafundi waliokuwa wanalipwa kwa wiki. Nataka kuona kazi hiyo ilifanyikaje.

18 Januari

Nimekwenda Lombard Street. Upande wa kaskazini, karibu na inapokutana na Gracechurch Street, ndipo lilipokuwa. Sasa ni maofisi, vioo vitupu, na watu wanaopita mbio na vikombe vya kahawa. Hakuna cha kupiga picha.

Lakini hata lilipokuwepo halikuonekana vizuri. Lilikuwa nyuma ya majumba, unaingia kwa kichochoro, na wenyeji walilitania kuwa kanisa lisiloonekana. Hili nimeliandika kwa wino mwekundu. Kanisa lenye uso barabarani hupata watetezi hata miongoni mwa wasiosali, kwa sababu wamezoea kuliona. Lililojificha uani hutetewa na waumini wake peke yao, na huko mbele tutaona waumini walikuwa wamebaki wangapi.

Jirani yake mkubwa, namba 54, alikuwa Barclays, ambayo makao yake makuu yalikaa hapo hadi 2005. Wazee wetu wa Kenya na Tanganyika waliokuwa na vitabu vya akiba vya Barclays D.C.O. walikuwa wateja wa tawi la benki hiyohiyo lililoshughulikia makoloni. Kwa upande wa Tanzania mambo hayo yakaisha mwaka 1967 mabenki yalipotaifishwa. Haihusiani na jedwali. Nimeiandika tu kwa sababu nilisimama pale nikimkumbuka babu na kile kitabu chake.

26 Januari

Wiki nzima nimekuwa kwenye sababu. Mambo yamekaa hivi.

Mwaka 1801 Jiji la London, hilo eneo dogo la kale la maili moja ya mraba, lilikuwa na wakazi takriban 128,000. Kufikia 1901 wamebaki kama 27,000, na mwaka 1931 ni 11,000 hivi. Watu walihamia vitongojini, nyumba zikageuka ofisi na maghala. Makanisa yakabaki kila baada ya hatua chache, mengi yakiwa ya Wren, yote yana kasisi, yote yana paa linalovuja, na Jumapili wanakuja watu wa kuhesabika kwa vidole.

Mwaka 1860 Bunge likapitisha sheria ya kuunganisha parokia. Kanisa la Jijini lingeweza kufungwa, kiwanja kikauzwa, na fedha zikajenga makanisa mapya kule watu walikohamia. Ukilisoma haraka ni jambo la busara, na sitajifanya kulipinga lote: mtu wa kitongoji kipya naye alihitaji mahali pa kubatizia mwanawe. Ila kiwanja cha katikati ya mabenki kilikuwa na thamani kubwa mno, na mtu akishajua shamba lake lina thamani gani, usingizi hupungua. Kabla ya vita vya pili makanisa ya Wren zaidi ya kumi yalikuwa yameshatoweka.

Mwaka 1919 tume ya Kanisa la Anglikana ikapendekeza makanisa 19 ya Jiji yaondolewe kwa mkupuo. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 1926 Bunge la Uingereza likaukataa mpango. Hapo ndipo mtu angedhani All Hallows limepona. Halikupona. Kilichoshindikana kwa jumla kilifanyika kwa rejareja: kanisa moja, ripoti moja juu ya hali ya jengo, na hakuna tena kelele. Miaka kama kumi na mbili baada ya ule ushindi bungeni, mafundi walikuwa juu ya paa.

8 Februari

Twickenham. Hii ndiyo siku tuliyokuwa tunaingojea, na nitaandika kwa urefu.

Alinipeleka shemeji, ambaye huendesha lori na barabara ya A316 anaijua kama kiganja cha mkono wake. Nilimweleza njiani kwamba tunakwenda kuona mnara uliotoka Lombard Street. Tulipoukaribia akapunguza mwendo, akacheka.

“Huu? Shemeji, huu mimi napita nao kila siku. Nilikuwa najua ni wa zimamoto.”

Simlaumu. Mnara umesimama kando ya barabara ya magari ya kasi, wa pembe nne, wa mawe ya Portland, mzito na wa makamo, na nyuma yake kuna kanisa la matofali la karne ya ishirini ambalo kwa umri ni mjukuu wake wa mbali. Umeunganishwa nalo kwa ukumbi mdogo. Wakenya waliowahi kuja kuwashangilia Shujaa kwenye raga ya wachezaji saba pale uwanja wa Twickenham wamepita karibu yake, na nina hakika si mmoja aliyejua kwamba ni kazi ya Wren, mtu aliyejenga kanisa kuu la St Paul's.

Historia yake fupi: kanisa lilipovunjwa, mnara ulishushwa jiwe kwa jiwe, ukasafirishwa zaidi ya kilomita 15 kuelekea magharibi, ukasimamishwa upya. Msanifu wa kanisa jipya ni Robert Atkinson. Barabara yenyewe ilikuwa changa, imefunguliwa 1933, na nyumba zilikuwa zinachipuka pande zote. Kanisa likawekwa wakfu Novemba 1940, wakati mabomu yanaanguka London tangu Septemba. Fikiria askofu akibariki jengo katika majuma hayo. Mwezi uliofuata, usiku wa tarehe 29 Desemba, makanisa kadhaa ya Wren yaliyokuwa yamenusurika na tume yaliteketea Jijini.

Nimeuzunguka mnara kwa muda. Jiwe la Portland lina tabia ya kuwa jeupe pale mvua inapolipiga, na jeusi chini ya kingo ambako mvua haifiki. Weusi huo ni masizi ya makaa ya London. Na makanisa haya ya Wren yaligharimiwa kwa ushuru wa makaa ya mawe yaliyoingia London kwa meli. Makaa yalilijenga na makaa yakalipaka.

Ndani, mzee wa kanisa aliyetupokea alikuwa na subira ya ajabu. Alimwita shemeji “bwana” kwa heshima zote, akatuacha tuguse. Nimejaza mistari ya jedwali kwa mpigo: mimbari, ipo. Kasha la kinanda cha Renatus Harris, lipo. Ubao uliochongwa nyuma ya madhabahu, upo. Na lango la mbao la karne ya kumi na saba, ambalo lilikuwa la kupitia watu wakitoka mtaani, lenye mafuvu na mifupa iliyochongwa kuwakumbusha waingiao kwamba wao ni wapitaji. Shemeji aliliangalia, akaniuliza kama waumini wa zamani walikuwa wanatishwa hivi kila Jumapili. Nikamwambia ndiyo, na kwa hali ya tauni ya wakati ule pengine halikuwatisha sana.

Kuhusu mimbari: John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alisimulia uzeeni kwamba katika kanisa hili ndipo alipohubiri kwa mara ya kwanza bila karatasi. Ilikuwa 1735, kijana bado. Alifika hana hotuba, akataharuki, na mama mmoja akamuuliza kwa maneno machache kama hawezi kumtumainia Mungu hata kwa mahubiri. Akapanda, akasema, na tangu hapo hakutegemea karatasi tena. Wamethodisti wa kwetu, wa Meru hasa, wanaohubiri saa nzima mikono mitupu, wajue chanzo kiko kwenye mbao zilizo kando ya A316.

15 Februari

Kengele. Hapa ndipo mradi ulipopinda.

Nilikuwa nimeandika “kengele kumi, kutoka All Hallows Lombard Street”. Kwa maana ya safari yao ya mwisho ni kweli. Lakini kengele hizo hazikuzaliwa All Hallows. Zilikuwa za St Dionis Backchurch, kanisa la Wren lililokuwa kwenye pembe ya Fenchurch Street na Lime Street, mwendo wa dakika chache. St Dionis lilibomolewa 1878 kwa ile sheria ya 1860, parokia yake ikaunganishwa na All Hallows, na kengele zikahamia kwenye mnara wa All Hallows. Miaka sitini baadaye mwenyeji naye akavunjwa, na kengele zikafuata mnara hadi Twickenham. Yaani All Hallows, kabla ya kuwa marehemu, lilikuwa mrithi.

Kwa hiyo jedwali lina safu mpya: “kabla ya hapo”. Nimeurudia kila mstari niliokwisha kuufunga.

Jioni mama mmoja wa kikundi cha wapiga kengele alikubali nipande kuangalia mazoezi. Kwetu kengele ya kanisa mara nyingi ni ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na mtoto aliyewahi kufika ndiye anaigonga kwa chuma. Hapa ni kazi ya mwili na akili. Kila kengele imefungwa kwenye gurudumu lake. Kabla ya kuanza huinuliwa mpaka mdomo unatazama juu, na kila ukivuta kamba inazunguka duara zima, inalia mara moja, inarudi kusimama kichwa chini. Mpigaji anashika ile sehemu ya kamba iliyovikwa sufi nene ya rangi, inamtoka mikononi, inapaa kuelekea darini, inarudi. Akichelewa kuishika ni hatari. Kengele nzito hivyo haiwezi kuharakishwa kufuata wimbo, kwa hiyo hawapigi nyimbo. Wanapiga mpangilio: moja hadi kumi, kisha wanabadilishana nafasi kwa kanuni wanazozijua kwa kichwa, bila kurudia mpangilio uliokwisha kupigwa. Kengele kumi zina mipangilio 3,628,800. Mama yule alisema hayo kama mtu anayetaja nauli.

“Umeuliza zimetoka wapi,” aliniambia tukishuka. “Sisi huwa tunauliza zinakwenda sawa.”

22 Februari

Kwa sababu ya kengele, imebidi tumfuate St Dionis. Wengine kwenye kikundi wananung'unika kwamba tumetoka nje ya mipaka. Mimi naona hakuna namna: ukiandika mirathi ya mtu huwezi kuruka alichorithi.

Mambo ya St Dionis yana raha. Mpiga kinanda wake kuanzia 1749 alikuwa Charles Burney, ambaye baadaye aliandika historia kubwa ya muziki. Mshahara ulikuwa pauni 30 kwa mwaka. Katika chumba cha kuvalia cha kanisa zilihifadhiwa bomba nne za mkono za shaba, kama sindano kubwa za daktari, za kuzimia moto. Ukiwa parokia iliyoungua yote mwaka 1666, unaelewa kwa nini hakuna aliyezitupa.

Mali yake iligawanyika mara mbili. Kengele zilikwenda jirani, All Hallows. Mimbari na birika la ubatizo vilikwenda mbali, Parsons Green, ambako mwaka 1884 na 1885 ilijengwa St Dionis mpya, mchoro wa Ewan Christian. Nimekwenda, nimeviona vyote viwili. Birika bado linabatiza. Nilifika kukiwa na familia yenye mtoto mchanga anayelia kwa nguvu zote, kwa hiyo safu ya nne ina mashahidi wa kutosha.

Jambo jingine la mwaka 1878: wakati mafundi wanaangusha kuta za St Dionis, wanahistoria walikuwa wanachapisha rejista zake za ubatizo, ndoa na maziko kuanzia 1538, mwaka ambao Thomas Cromwell aliziagiza parokia zote za Uingereza zianze kuandika. Jengo na kitabu vimepishana mlangoni. Mtafiti wa leo anajua zaidi juu ya wachuuzi wa Fenchurch Street waliozikwa pale kuliko juu ya mpangilio wa viti vyao.

1 Machi

Leo ni fedha na wafu. Nimeviweka siku moja kwa sababu kwenye karatasi za wakati ule vimo ukurasa mmoja.

Fedha kwanza. Mfano mzuri ni mwingine wa ukoo huuhuu, St Benet Gracechurch, kwenye pembe ya Gracechurch Street na Fenchurch Street. Lilibomolewa 1867 na 1868 na parokia yake ikaingizwa All Hallows. Mimbari yake iko St Olave, Hart Street, nimeiona. Fedha za kiwanja zilijenga kanisa jipya la jina hilohilo huko Mile End, mashariki mwa London, kwa ajili ya maskini waliokuwa wamejazana kule. Basi vita vya pili vikaja, na lile la Mile End likaharibiwa kwa mabomu. Mimbari ya mbao imeishi kuliko kanisa lililojengwa kwa thamani ya ardhi.

Nimemsimulia shemeji kwenye simu. Akasema, “Fedha ya shamba la urithi haikai.” Nikamwambia asitie ushirikina kwenye mradi.

Wafu sasa. Kuzika ndani ya Jiji kulikomeshwa miaka ya 1850, makaburi yakiwa yamefurika kiasi cha kuhatarisha afya za walio hai. Mwaka 1856 Jiji likafungua makaburi yake makubwa upande wa mashariki, karibu na Ilford, na makanisa mengi yalipobomolewa, mabaki ya waliozikwa chini ya sakafu yalifukuliwa, yakapakiwa, yakapelekwa huko kuzikwa tena. Nimetembea pale nusu siku. Ni mahali pazuri, pana miti mikubwa na njia pana za magari ya farasi, na kati ya makaburi ya familia unakutana na minara ya ukumbusho ambayo haina jina la mtu hata mmoja, ina jina la parokia tu.

Mtu aliyelipia kaburi karibu na madhabahu, akachongewa jiwe lenye sifa zake zote, ameishia kuwa “mabaki kutoka parokia fulani”. Mimbari imetajwa kwa jina la fundi, kinanda kwa jina la mjenzi, kengele kwa uzito wake. Nilikuwa nimepanga jedwali kwa kufuata thamani. Nimelipanga upya, wafu juu.

9 Machi

Fupi. Kuna aliyetuandikia kwamba tusisahau kilele cha St Antholin. Ni kweli kinastahili kutajwa: sehemu ya juu ya mnara wa Wren wa St Antholin iliondolewa 1829, ikanunuliwa na mchapaji Robert Harrild, kwa pauni 5 kama inavyosemwa, akaisimamisha bustanini kwake kusini mwa London. Kanisa lilibomolewa miaka ya 1870. Bustani nayo haipo. Kilele kipo, kimezungukwa na nyumba za makazi na watoto wanakizunguka kwa baiskeli. Si cha mradi wetu, lakini ukipita Round Hill, Forest Hill, kiangalie.

16 Machi

Karatasi za parokia ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya London, Clerkenwell. Nimeomba kitambulisho cha msomaji na nimekipata. Wahudumu pale wanasaidia sana, ila penseli tu, kalamu ya wino hairuhusiwi, na begi unaliacha kabatini.

Nilichokuwa natafuta ni mwisho wa kisheria. Jengo linaweza kuvunjwa, lakini parokia ni kitu cha sheria na haifi kwa nyundo. Jibu lake liko wazi kwa yeyote. Parokia inayosimamia Lombard Street leo inaitwa kwa ukamilifu: St Edmund the King na St Mary Woolnoth, pamoja na St Nicholas Acons, All Hallows Lombard Street, St Benet Gracechurch, St Leonard Eastcheap, St Dionis Backchurch na St Mary Woolchurch Haw. Kati ya hayo manane, majengo yaliyosimama ni mawili ya mwanzo. Sita yaliyobaki ni majina yanayobebwa na wenzao, na kasisi anayeteuliwa pale anateuliwa kwa yote manane.

Nimelisoma jina hilo kwa sauti ndogo pale mezani na jirani yangu akanitazama vibaya.

23 Machi

Kikao cha kikundi. Tumekubaliana hivi: mistari ya All Hallows imefungwa isipokuwa ile ya mawe ya kuta. Mnara ulihamishwa kwa heshima na kila mtu anaujua. Kuta za kanisa lenyewe zilikuwa mawe na matofali ya kawaida, na vitu vya kawaida huuzwa kwa wakandarasi. Kuanzia wiki ijayo nitapitia vitabu vya hesabu vya miaka ya 1937 hadi 1939, nitafute malipo ya mkandarasi na mapato ya vifaa vilivyouzwa. Mwenzetu mmoja atashughulikia ramani na vibao vya chuma vya mipaka ya parokia ambavyo bado vimepigiliwa kwenye kuta za Jiji, apige picha kila kibao pamoja na namba ya jengo.

Shemeji ameomba kujiunga rasmi. Anasema kwa kuwa anapita Twickenham kila siku, atakuwa anatuletea taarifa kama mnara bado upo. Amepewa kazi ya kupiga picha mpya ya upande wa barabara, ile ya kwangu ina basi mbele.